Mwekezaji Mpya kutoka Kondoa

Mimi ndiye niliyempelekea baba habari ya wale watu, tena nilimpelekea wakati wa kula, tonge likiwa njiani kwenda mdomoni. Laiti ningesubiri anawe mikono kwanza. Lakini mimi na mdomo wangu hatujawahi kusikilizana, na jioni ile nilikuwa nimetoka kazini na jambo la kusimulia, basi nikalimwaga lote pale mkekani kabla hata mama hajamaliza kupakua mlenda.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, ambayo sitaitaja kwa sababu mpaka leo napita mbele yake nikienda sokoni. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa milango. Maduka yalikuwa yamejaa sabuni ambazo tulishasahau harufu yake, na pale ofisini neno "mwekezaji" lilikuwa linatamkwa kwa unyenyekevu, watu wakishusha sauti kidogo kama wako msikitini. Mimi nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio. Siku hiyo nilikuwa nimechapa barua ya kuikaribisha kampuni kubwa kutoka nje, ije ijenge kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti pembeni ya mji. Barua ilisema Serikali inayo furaha. Ilisema pia kwamba kwa miaka mitano ya mwanzo kampuni haitalipa kodi.

"Kodi ipi hawatalipa?" baba akauliza.

"Zote."

"Ushuru wa mashine?"

"Hawalipi."

"Miaka mitano?"

"Mitano, baba. Nimechapa mwenyewe, nakala nne."

Tonge likarudi sahanini. Mama akanitazama kwa lile jicho lake, na mimi nikajifanya nachambua mwiba kwenye mlenda, kitu ambacho mlenda hauna.

Sasa lazima niseme baba alikuwa nani, maana bila hivyo mtadhani alikuwa mtu wa kelele tu. Baba alikuwa na kinu cha kukamua alizeti pale Majengo, nyuma ya wauza nafaka. Kinu chenyewe kilikuwa chumba kimoja, na mashine moja ya dizeli iliyokuwa ikikohoa asubuhi mpaka majirani wakajua ni saa moja. Mafuta yakitoka upande huu, upande wa pili yanatoka makapi ya mbegu, yale tunayaita mashudu, na wafugaji wanayagombea kwa ajili ya ng'ombe wao. Kinu kile ndicho kilichonisomesha, kikamsomesha na kaka yangu, kikajenga na nyumba. Kila mwaka baba alilipia leseni, kila siku alilipa ushuru wa soko, na stakabadhi zake zote alizitunga kwenye waya, moja juu ya nyingine, tangu mimi sijazaliwa.

"Zamani nilipokuwa na mashine hii waliniita bepari," akasema. "Waliniita mkutanoni, nikasimamishwa mbele ya watu, bepari uchwara! Nikanyamaza. Leo mabepari wanaandikiwa barua za furaha, na mimi sijaalikwa hata kwa salamu. Sasa mimi ni nani?"

Mama akamwambia wewe ni mtu ambaye chakula chake kinapoa.

Kesho yake nilipita kinuni nikakuta mjadala umeshapamba moto. Baba alikuwa anabishana na mtani wake. Sisi upande wa baba ni Wanyamwezi, wa wale waliokuja na misafara wakabaki, na Wagogo ni watani zetu tangu enzi hizo za kubeba mizigo. Huyu mtani wake alikuwa mama mmoja wa Kigogo, mkulima, analeta alizeti kwa punda kutoka kijijini, mwembamba, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Siku zote walikuwa wanatukanana mpaka wageni wanatafuta pa kujificha. Kumbe wanapendana sana.

"Waje!" mtani akawa anasema. "Waje hata kesho! Wewe unaninunulia gunia kwa bei ya huruma halafu unanipa mashudu kama zawadi. Wakija hao wakubwa, mtanigombea. Mimi nitakaa katikati nimekunja nne."

"Hawalipi kodi!"

"Kwani kodi yako inaniletea nini mimi? Barabara ya kwetu hata punda anaipita akilalamika."

"Mtu asiyelipa kodi anaweza kukupa bei yoyote leo, mpaka mimi nife. Nikishakufa, atakupa bei ya kwake."

"Basi ufe polepole, niuze kidogo."

Baba akamrushia ganda la alizeti. Lakini niliona amechoka usoni. Alijua mtani ana haki yake, na yeye ana haki yake, na barua ile niliyoichapa haikuwauliza wote wawili.

Wiki haikuisha, baba akaja ofisini kwetu. Alivaa kanzu na koti la Iddi. Nilimwona anapanda ngazi, nikainamia mashine ya chapa mpaka paji la uso likagusa utepe. Akapita mezani kwangu bila kunitazama, maana alikuwa amekuja kikazi, akaingia kwa Afisa Mipango na kuacha mlango wazi.

Afisa Mipango alikuwa kijana mpole, wa kutoka chuoni, tai yake fupi haikufika mkandani. Alisimama, akamwamkia baba shikamoo, akampa kiti. Baba akaomba fomu ya kusamehewa kodi.

"Mzee, huo msamaha ni wa kuvutia wawekezaji," yule kijana akaeleza, wala hakumdharau. "Tusipowapa sisi, mkoa mwingine utawapa. Wana mtaji, wataajiri watu, watafundisha vijana wetu kazi. Sisi tunapoteza kodi ambayo hata hivyo tusingeipata, maana wasingekuja."

"Mimi ninayo mashine. Nimeajiri watu wawili."

"Ndiyo, mzee. Lakini msamaha ni kwa biashara mpya."

"Mpya tangu lini?"

"Tangu siku anapofika na kuandikishwa."

"Kwa hiyo cha muhimu ni kufika."

"Ee... ndiyo, tuseme hivyo."

"Ahsante sana, mwanangu," baba akasema, akachukua fomu yake, akatoka. Mimi namjua baba. Akikugombeza, umepona. Akikushukuru kwa upole namna ile, jiandae.

Jioni akatangaza. Atafunga kinu. Ataondoka Dodoma. Halafu atafika.

"Utafika kutoka wapi?" mama akauliza.

"Kondoa. Kwa dada."

"Kondoa ni nje ya nchi siku hizi?"

"Fomu haijaandika nje ya nchi. Imeandika mpya. Nitakaa siku tatu, nitarudi na jina jipya la biashara, na mashine itakuwa imeingia mikononi mwa mmiliki mpya."

"Ambaye ni nani?"

"Ambaye ni mimi, lakini nimefika."

Mama akaweka mwiko chini. Alisema ameolewa na mwanaume huyu kwa kheri na shari, lakini hakuambiwa habari ya kuolewa naye mara mbili. Baba hakujali. Akanisomea barua ya kufunga biashara, neno kwa neno, nami nikaiandika kwa mkono nikaichape kazini na kuipeleka kwenye dawati la leseni. Nikaitia kwenye mkoba.

Mpaka hapo ungekuwa wazimu wa mtu mmoja, ungeisha wenyewe. Tatizo ni kwamba baba alikuwa mtu wa dini. Biashara inayokufa, alisema, haiwezi kuachia mpya mizigo yake. Kwa hiyo siku mbili kabla ya safari alizunguka soko zima la Majengo, kibanda kwa kibanda, akiomba radhi. Alimshika mkono muuza maharage: nisamehe, ndugu yangu, kama niliwahi kukupunja. Alimwendea muuza mtama aliyegombana naye miaka mingi kwa sababu ya mfereji wa maji machafu: nisamehe, nimeshakusamehe. Alimwendea mpaka mtoza ushuru! Na hakueleza ni kwa nini, maana mkakati wa biashara ni siri. Wenye machozi ya karibu wakayatoa pale pale. Mtu mzima, afya yake haina maneno, anazunguka sokoni ghafla anaomba radhi, mnadhani watu walielewa nini?

Halafu akaifuta ile rangi ya maandishi mlangoni, akafunga kufuli, akapanda basi la Kondoa na sanduku la bati.

Asubuhi ya kwanza mashine haikukohoa. Soko likasikiliza, kimya. Asubuhi ya pili, kimya. Majirani wakaja nyumbani kumuuliza mama, na mama, ambaye alikuwa ameapishwa asiseme kitu, na ambaye hasira ilikuwa imempanda mpaka hapa, alipofungua mdomo akaangua kilio. Alikuwa analia kwa ghadhabu, lakini nani atapambanua? Kama hiyo haitoshi, utingo wa basi la Kondoa akasema amemwona mzee huko kwa dada yake, amelazwa barazani, amefunikwa shuka kutoka kichwani mpaka miguuni. Alikuwa amelala usingizi, jamani! Barabara ya Kondoa wakati ule ukishuka basi ulikuwa unalala ulipoangukia, na shuka ni kwa sababu ya nzi.

Mimi sikujua lolote kati ya hayo. Siku hizo ofisini tulikuwa tunapokea ugeni. Mjumbe wa ile kampuni alikuwa amefika, bwana mrefu mwenye kofia ya majani, na mimi nilikuwa nabaki kuchapa mpaka giza, nikifika nyumbani mama amejifungia chumbani, najua kanuna. Siku ya tatu, Afisa Mipango akaamua mgeni apelekwe Majengo aone soko na mahitaji ya mafuta. Akanichukua niandike kumbukumbu na kumtafsiria maneno ya wananchi.

Tukapita wauza nafaka. Mgeni anauliza bei ya mtama, mimi natafsiri, mambo yanakwenda. Tukakata kona. Mbele ya kinu cha baba kulikuwa na turubai.

Turubai, na mabenchi. Wanaume wa kofia wamekaa wameinamisha vichwa. Wanawake wamejifunika kanga, wako mikekani, na pembeni sufuria kubwa iko juu ya mafiga. Muuza maharage akaniona, akaja akanishika mikono yote miwili. "Pole, mwanangu. Jipe moyo. Mzee katangulia. Mama yako hafungui mlango, tumeweka msiba hapa. Tunasikia wanamzika huko huko."

Akili ilijua baba yuko Kondoa anakula futari kwa shangazi, ingawa haikuwa Ramadhani. Shangazi hupika futari wakati wowote. Lakini mwili haukuuliza akili. Mabasi ya njia ile yalikuwa yanapinduka. Nilikuwa sijamuaga vizuri, nilikuwa nimemwonea haya ofisini, nilikuwa nimeinamia mashine ya chapa ili watu wasijue ni baba yangu. Nikakaa chini kwenye vumbi na sketi yangu ya kazi, nikapiga yowe ambalo nadhani lilifika stesheni.

Na hapo, kutoka ndani ya kinu, nikasikia sauti ya baba.

"Mafuta yangu hayana maji! Unataka maji, nenda bombani!"

Akatoka. Alikuwa mtani wake. Amevaa kofia ya baba iliyodariziwa na lile koti lake la kazi lenye mafuta mgongoni, anatembea kifua mbele, mkono mmoja kiunoni. Kwa wasiojua, mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mtu mwingine angepigwa. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anachukua vitu vyake mpaka akombolewe kwa zawadi, na wafiwa wakicheka huku wanalia, kazi yake imefanyika. Yule mama alikuwa amevunja kufuli asubuhi, akajimilikisha kinu. Akadondosha mafuta mgongoni mwa kiganja, akayanusa kama baba, akapiga chafya kama baba, chafya tatu na ya nne inayosita. Msiba mzima ukaangua kicheko. Hata mimi, kamasi zinanitoka, nikacheka.

Mgeni akaniuliza hii ni sherehe gani. Kabla sijapata sauti, mtani alishamfikia, akampa mkono.

"Karibu! Ndiye wewe uliyeniua? Mbona mwenyewe mwembamba hivi!"

Afisa Mipango akanong'ona, "Mwambie anakaribishwa." Sikutafsiri kitu. Na hata ningetafsiri nisingemaliza, kwa sababu upande wa stendi ilisikika kelele, watu wakapasuka katikati, na wanawake wawili wakakimbia wakaacha viatu.

Baba alikuwa amefika.

Alivaa suti ya kijivu ya mume wa shangazi, iliyomzidi mabegani, na tai nyekundu. Mkono huu sanduku, mkono huu fomu. Alikuwa mweupe kwa vumbi la Kondoa kuanzia kwenye nyusi, jambo ambalo kwa hali ile halikusaidia. Imamu akasoma dua kwa haraka. Aliyekuwa anakoroga wali akaachia mwiko ukazama. Mtani peke yake hakurudi nyuma hata hatua moja. Wakasimama wakitazamana, baba na baba.

"Rudi ulikotoka," mtani akasema. "Nafasi imeshachukuliwa."

Lakini sauti ilimkatika. Akamshika bega, akalibinya, akalibinya tena, halafu akakaa kwenye gunia akalia kweli kweli na kofia ile kichwani. Nami nilikuwa nimeshamkumbatia baba kiunoni mbele ya Serikali na mgeni wake.

Baba alitazama turubai, mabenchi, sufuria. Akaelewa. Mtu mwingine angeomba radhi tena akaenda kulala. Yeye akamwona Afisa Mipango, akakumbuka safari yake ilikuwa ya nini. Akanitoa kiunoni taratibu, akaweka sanduku chini, akanyoosha tai.

"Mimi ni mwekezaji," akasema. "Nimefika sasa hivi. Mashine yangu hii hapa. Wafanyakazi wawili wale pale, wanakula wali wangu. Sina ninayemdai wala anayenidai, waulize hawa. Naomba miaka yangu mitano."

Afisa Mipango alikuwa ametota jasho. "Mzee... lakini wewe tunakujua."

"Mnanijua?"

"Tunakujua, mzee. Kila mtu anakujua."

"Kumbe ndilo kosa langu," baba akasema. Hakupandisha sauti. "Huyu hamumjui, hamjui baba yake, hamjui atakaa au ataondoka, mmemwandikia kwamba mna furaha. Mimi mnanijua tangu tai hiyo haijashonwa. Nimelipa mlipokuwa mnanitukana, nimelipa mlipokuwa hamna petroli, nami nikaikosa, bado nikalipa. Na hakuna siku mtu wenu alifika hapa akasema, mzee, tuna furaha."

Hakuna aliyecheka. Mgeni akaniuliza tena kinasemwa nini. Safari hii nilimtafsiria, neno kwa neno, huku nikijua muda wangu wa majaribio huenda unaisha pale pale kwenye vumbi. Yule bwana akavua kofia. Sijui alielewa nini, lakini alivua kofia.

Aliyejitokeza ni mtoza ushuru, aliyekuwa amekuja kuhani kama wengine, kitabu cha stakabadhi kwapani. Alikuwa ni mtu wa utaratibu. "Samahani," akasema, "kama mzee alifunga biashara kwa barua, basi leseni yake imekufa. Huyu mpya atahitaji kuomba nyingine. Kuna ukaguzi wa jengo, kuna bwana afya, kuna kikao. Inaweza kuchukua miezi. Mpaka hapo mashine haiwashwi."

Nikamwona baba anazeeka. Hilo hakuwa amelifikiria. Kwa mgeni, upya ulikuwa mlango. Kwake ulikuwa foleni. Akatazama mashine yake, akatazama wale wafanyakazi wawili walioacha kutafuna. "Barua ilikwenda," akasema polepole. "Alipeleka binti yangu."

Watu wote wakanigeukia.

"Sikupeleka," nikasema.

"Nini?"

"Iko kwenye droo yangu, chini ya kaboni. Sikupeleka, baba. Niliogopa wataikubali."

Alinitazama mpaka nikatamani turubai liniangukie. Nilikuwa nimemwokolea kinu, na papo hapo nimemwumbua mbele ya watu, maana ile hotuba yake yote alikuwa ameitoa mtu ambaye kwenye karatasi hajawahi kuondoka. Mtoza ushuru ndiye pekee aliyefurahi waziwazi. Alifungua kitabu. Kama biashara haikufungwa, akaeleza, basi ilikuwa wazi, na kama ilikuwa wazi, kuna ushuru wa siku tatu.

"Za nilipokuwa nimekufa?" baba akauliza.

"Marehemu hakutoa taarifa."

Akalipa. Akaomba stakabadhi, akaitunga kwenye waya.

Sikwambii aibu ya siku zilizofuata. Watu walianza kuja mmoja mmoja kudai radhi zao. Muuza mtama alisema yeye alimsamehe ule mfereji akijua ni mtu wa kufa, na sasa kwa kuwa hafi, mambo ya mfereji yarudi palepale. Mama alikaa wiki nzima akimwita "mwekezaji": mwekezaji, chai tayari, mwekezaji, dumu halina maji. Mtani naye alikataa kurudisha kofia mpaka apewe mbuzi, akapewa jogoo. Mimi baba alinisalimia tu. Hakuniuliza habari za kazi, na mimi nilikuwa nimezoea kuulizwa. Iliniuma kuliko kugombezwa.

Kiwanda kilijengwa, ndiyo. Kilinunua alizeti kwa bei nzuri, nisikidhulumu. Mtani aliezeka nyumba kwa bati kwa pesa ya kiwanda, akamwalika baba aje alione, na baba akaenda, akasema bati lina kelele. Kazi ya kinu ilipungua nusu. Mfanyakazi mmoja alihamia huko kiwandani, akapata sare. Wateja waliobaki kwa baba ni wale waliotaka mashudu yao na wale waliopenda kuona mbegu yao yenyewe inaingia na mafuta yao wenyewe yanatoka. Alikuwa anawasha mashine saa moja kama kawaida, hata siku ambazo hakukuwa na gunia mlangoni.

Jioni moja, bila salamu, akaniuliza, "Ile barua ya wale watu ilianzaje?"

Nikaikumbuka yote. "Serikali inayo furaha kukukaribisha..."

"Rudia."

Nikarudia. "Mimi nina stakabadhi," akasema. "Barua sina."

Kesho yake wenzangu walipotoka kwenda kula, nikachukua karatasi yenye nembo, ile nzito, na kuipachika kwenye mashine. Niliandika kwamba Serikali inayo furaha kukushukuru kwa kuwa umekuwepo. Niliandika kwamba umelipa kila mwaka, hata mwaka wa njaa, na kwamba jambo hilo limeonekana. Mahali pa saini niliacha wazi, sikuwa na moyo wa kughushi jina la mtu. Baba aliisoma amesimama, akaitundika ukutani kinuni, juu ya leseni zote, na tangu siku hiyo akaanza tena kuniuliza habari za kazi.

Miezi ikapita. Siku moja Afisa Mipango mwenyewe akaenda kununua mafuta, nasikia ya kiwandani yalikuwa yamemkataa tumboni. Aliisoma ile barua ukutani tangu juu mpaka chini, akalipa, akaondoka. Jumatatu akaniita. Nikaingia nimeshajiandaa, mkoba begani, kalamu zangu nimezikusanya.

"Ile barua umeandika wewe."

"Ndiyo, bwana."

"Kwenye karatasi ya ofisi."

"Ndiyo, bwana."

"Haina saini."

"Haina."

"Ulishindwa nini kuniletea?" akasema. "Ningesaini."

Nilitoka mle ndani nikaenda kusimama chooni. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo! Hakuna aliyemnyima baba kile kitu. Hakuna aliyewahi kukifikiria tu.

Jioni nikamwambia baba alete barua isainiwe. Akakataa katakata. "Mara ya mwisho kupeleka karatasi yangu kwao nilisomewa dua. Akitaka, aje na kalamu yake."

Akaja, Jumamosi, saa ya wateja wengi. Baba alimwona na hakumpisha. Kijana wa watu akapanga foleni nyuma ya wanawake wenye mbegu zao, kwenye ule moshi wa dizeli, mpaka zamu yake ikafika. Ndipo baba akazima mashine. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kwa kidole, akaiteremsha barua kutoka ukutani na kuitandika juu ya pipa. Halafu, wakati yule kijana anainama kusaini, baba akafunga vifungo vya lile koti lake la mafuta, vyote, mpaka cha shingoni, akasimama wima. Mimi nililia, wala sioni haya kusema. Wateja nyuma wakaanza kulalamika kwamba foleni imesimama.